Nahodha Aliyeshuka Nchi Kavu Akawa Mlinzi wa Mabaharia

Mtu wa bahari akishaachana na bahari hupatwa na shida ambayo mtu wa bara haijui. Mkulima akizeeka huweza kulikodisha shamba lake au kuwagawia wanawe. Lakini nahodha aliyeishi miaka mingi juu ya mbao na maji, siku anaposhuka na sanduku lake hana cha kukodisha wala kurithisha, ila yale aliyoyahifadhi kichwani: nyota, mikondo, miamba, mawingu na tabia za pepo. Katika miji yetu ya mwambao, kutoka Pate na Lamu hadi Mombasa na Vanga, wazee wa namna hii tunawajua. Wengine hulinda mabohari, wengine huuza samaki sokoni, na wengine hukaa barazani wakiyatazama maji. Vijana huwapita wakawaamkia, kisha wakaenda zao. Ni wachache wanaofikiri kwamba ilimu ile waliyoshuka nayo yaweza bado kuwaokoa walioko baharini.

Leo, msomaji mpenzi, tumtazame mtu mmoja aliyeshuka nchi kavu akiwa na ilimu hiyo, akakataa kuiacha ikaoza. Mtu huyo ni Robert FitzRoy, Mwingereza, nahodha wa merikebu mashuhuri iitwayo Beagle. Wengi waliopata kulisikia jina lake hulisikia kwa sababu ya abiria aliyempakia, mtaalamu Charles Darwin. Abiria akapata sifa ulimwengu mzima, na nahodha akasahauliwa. Lakini kila mvuvi ambaye leo hufungua redio kusikiliza habari za upepo kabla ya kushua chombo, ana deni kwa yule nahodha kuliko kwa yule abiria.

FitzRoy alizaliwa tarehe 5 Julai 1805 huko Ampton Hall, katika jimbo la Suffolk. Ukoo wake ulikuwa wa kitukufu, nasaba yake ikimfikia Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza. Alitiwa katika chuo cha jeshi la majini mjini Portsmouth mwaka 1818, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili tu. Akasoma kwa bidii isiyo ya kawaida, na mwaka 1824 akaupita mtihani wa uafisa kwa kupata alama zote kamili, jambo ambalo hapana aliyelifanya kabla yake.

Mwaka 1828 nahodha wa Beagle, aliyekuwa akipima pwani za kusini kabisa mwa Amerika ya Kusini, alilemewa na upweke na baridi ya pande zile hata akajiua. Merikebu ile akapewa FitzRoy. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na mitatu. Haukupita muda mrefu bahari ikamfunza somo ambalo hakulisahau hadi kufa. Mwezi wa Januari 1829, karibu na mlango wa mto Rio de la Plata, kipimahewa chake kilianza kushuka na mbingu zikabadilika. Dalili zilikuwapo, lakini hakuzishika kwa uzito uliostahili. Pepo ya nchi zile iitwayo pampero ikavuma ghafula, ikailaza merikebu ubavu, milingoti ikavunjika, na mabaharia wawili wakachukuliwa na maji. Chombo kiliokoka, lakini nahodha alijilaumu. Tangu siku hiyo aliamini kwamba tufani haiji kama mwizi. Hutanguliza salamu zake, na anayezipuuza salamu hizo hana wa kumlaumu.

Safari ya pili ya Beagle ndiyo iliyoingia katika vitabu. Iliondoka Plymouth tarehe 27 Desemba 1831, Darwin akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili na nahodha mwenyewe miaka ishirini na sita. Ilichukua saa ishirini na mbili za baharini ili kupima masafa ya nchi na nchi kwa usahihi. Ilizunguka dunia nzima, ikapita hata katika bahari yetu hii ya Hindi na kutia nanga Mauritius mwaka 1836, ikarudi Uingereza tarehe 2 Oktoba mwaka huo. Ramani alizozichora FitzRoy za pwani za Patagonia na Tierra del Fuego zilitumiwa na mabaharia kwa miaka mingi baada yake.

Hakuwa mtu mwepesi wa kukaa naye. Alikuwa mkarimu na jasiri, lakini hasira yake ilikuwa karibu. Maafisa wake wadogo walipopokezana zamu asubuhi walikuwa wakiulizana kwa mafumbo kama kahawa moto imegawiwa kwa wingi siku ile, maana yake kama nahodha ameamka vibaya. Tena alikuwa mtu wa kutoa mali yake mwenyewe kwa ajili ya kazi. Alipoona merikebu moja haitoshi kupima pwani ndefu kama ile, alinunua vyombo vingine kwa fedha zake, akitumaini kwamba serikali itamrudishia. Serikali haikumrudishia. Tabia hii ya kulipia kazi ya umma kutoka mfukoni mwake tutaiona tena mwisho wa hadithi.

Sasa ndipo tunapofika kwenye kushuka kwake. Watu hudhani kwamba baharia huacha bahari kwa siku moja, kama mtu avukaye mlango. Kwa FitzRoy haikuwa hivyo. Alijaribu kazi za nchi kavu moja baada ya nyingine, na nyingi zilimpiga mweleka. Mwaka 1841 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Bunge kutoka Durham. Mwaka 1843 akapelekwa New Zealand kuwa Gavana. Huko alikuta walowezi wa Kiingereza wamegombana na Wamaori juu ya ardhi ya Wairau, na Waingereza ishirini na wawili wamekwisha kuuawa. Walowezi walitaka kisasi. FitzRoy alisikiliza pande zote mbili, akaamua kwamba walowezi ndio walioanza kwa kuingia katika ardhi isiyokuwa yao, na akakataa kulipiza. Sisi tuliotawaliwa twajua jinsi hukumu ya namna ile ilivyokuwa adimu kwa gavana wa zama zile. Walowezi wakamchukia, hazina ya koloni ikawa tupu, vita vikazuka upande wa kaskazini, na mwaka 1845 akaamriwa arudi kwao.

Alirudi akiwa mtu aliyeshindwa machoni mwa wakubwa. Mwaka 1848 alipewa usimamizi wa gudi la jeshi la majini huko Woolwich, na mwaka uliofuata akapewa merikebu tena, Arrogant, iliyokuwa na mitambo ya mvuke. Lakini afya haikumruhusu, na mambo ya nyumbani yalikuwa yakimvuta. Mwaka 1850 akaiacha kazi ya baharini. Alikuwa na miaka arubaini na mitano. Miaka miwili baadaye mkewe, Mary, akafariki na kumwachia watoto. Basi huyo hapo mtu aliyeizunguka dunia, amekaa nchi kavu, hana merikebu, hana cheo cha kumtosha, na mali ya urithi inapungua.

Mwaka 1854 ikatokea kazi ndogo. Mwaka mmoja nyuma, mataifa yenye merikebu yalikutana mjini Brussels yakakubaliana kwamba kila nchi ikusanye habari za pepo na hali ya hewa kutoka kwa manahodha wake, ili safari za baharini ziwe fupi na salama zaidi. Uingereza ikaunda ofisi ndogo chini ya Bodi ya Biashara, na FitzRoy akawekwa kuwa mkuu wake, pamoja na makarani watatu. Kwa mtu aliyekuwa Gavana, ile ilikuwa kazi ya kuhesabu tarakimu. Manahodha waliazimwa vipimahewa na vipimajoto, wakaandika kila siku waliyoyaona, na daftari zao zikarudishwa London zikapangwe. Hakuombwa kuonya mtu yeyote. Aliombwa kukusanya tu.

Lakini baharia aliyempoteza mwenzake hawezi kuzitazama tarakimu kama anavyozitazama karani. FitzRoy alipoyasoma madaftari yale aliona ndani yake watu. Akaanza kufanya jambo ambalo halikuwa ndani ya barua yake ya kazi: akahimiza vijiji maskini vya wavuvi viazimwe vipimahewa na serikali, vikatundikwa karibu na bandari mahali ambapo kila mtu angeviona kabla ya kushua chombo. Akaandika na maelezo mepesi ya namna ya kuvisoma, ili mvuvi asiye na masomo makubwa aelewe kwamba kikishuka haraka, heri angoje.

Kisha ukaja msiba uliofungua macho ya nchi nzima. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Oktoba 1859, merikebu iitwayo Royal Charter, iliyotoka Australia ikielekea Liverpool na abiria waliochuma dhahabu, ilipigwa na tufani pwani ya Anglesey. Ilikuwa karibu kabisa na kwao baada ya safari ya miezi miwili. Ilivunjika juu ya miamba, mita chache kutoka nchi kavu, wakafa watu wapatao mia nne na hamsini. Wako waliozama kwa sababu walikataa kuiacha dhahabu waliyojifunga kiunoni. Katika tufani hiyo hiyo zilivunjika merikebu zaidi ya mia moja katika pwani za Uingereza.

FitzRoy alikusanya habari za siku zile kutoka kila pembe, akachora ramani ya tufani yenyewe: ilipoanzia, ilivyozunguka, ilivyosogea saa kwa saa. Akaonyesha kwamba tufani ile ilikuwa imekwisha kuonekana mahali pamoja kabla ya kufika mahali pengine. Wakati ule telegrafu, ile simu ya waya, ilikuwa tayari imetandazwa nchini. Upepo huenda mbio, lakini habari juu ya waya huenda mbio zaidi. Basi kwa nini habari isifike bandarini kabla ya tufani?

Wakubwa wake wakamruhusu. Vituo vya pwani vikawa vinapeleka London kila asubuhi hali ya hewa, upepo na kipimahewa. FitzRoy na makarani wake walizitandaza habari hizo mezani, na walipoona hatari walipeleka simu bandarini. Pale bandarini palikuwa na mlingoti, na juu yake hutundikwa alama kubwa nyeusi zinazoonekana kutoka mbali. Alama yenye umbo la pia ikielekeza ncha juu, dhoruba yatazamiwa kutoka kaskazini. Ikielekeza ncha chini, yatoka kusini. Alama yenye umbo la ngoma ilionya juu ya dhoruba zinazofuatana kutoka pande mbalimbali. Usiku zilitumiwa taa. Asiyejua kusoma hata herufi moja aliweza kuifahamu habari ile. Kazi ikaanza Februari 1861. Mara ya kwanza wako walioipuuza alama, wakang'oa nanga, na bahari ikawajibu.

Tarehe 1 Agosti mwaka huo huo, gazeti la The Times la London likachapisha kwa mara ya kwanza habari za hali ya hewa inayotazamiwa kwa umma wote. Hapa, msomaji, pana jambo linalotuhusu sisi hasa. Tuliosoma vyuoni tulifunzwa tungali wadogo kwamba ilimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na kwamba mpiga ramli hafai kuaminiwa. Je, mtu huyu alikuwa mpiga ramli aliyevaa kofia ya Kizungu? FitzRoy mwenyewe, aliyekuwa mshika dini yake ya Kikristo kwa nguvu, alikuwa na hofu hiyo hiyo. Alikataa kabisa kazi yake isiitwe uaguzi wala unabii. Alichagua katika lugha yao neno jingine, lenye maana ya makadirio yatokanayo na hesabu na dalili. Alisisitiza kwamba yeye hatoi hukumu ya kesho. Hutoa onyo, na nahodha ndiye mwenye kuamua.

Kwetu neno tulilolizoea ni utabiri, ambalo asili yake ya Kiarabu ni kufasiri, hasa kufasiri ndoto. Kwa hakika halimtendei haki mtu aliyeketi na vipimo mezani. Kazi yake ilikuwa karibu zaidi na ile ya manahodha wetu wa jahazi, waliojua kwa nyota na kwa kuhesabu siku za mwaka lini kaskazi itageuka, lini masika yatafunga bahari, na lini kusi itakuwa kali mno hata chombo kikae gudini. Hapana mwanachuoni aliyewaita wale wapiga ramli. Walisoma dalili ambazo Mola ameziweka wazi kwa kila mwenye macho, kisha wakasema inshallah.

Lakini mwenye kuonya hana raha. Akisema dhoruba yaja ikaja, watu husema walijua. Akisema yaja isije, huchekwa. FitzRoy alikuwa na vituo vichache, waya mmoja kutoka kila upande, na hana habari yoyote kutoka baharini magharibi ambako tufani nyingi za nchi ile hutokea. Lazima angekosea, na alikosea. Gazeti lile lile lililochapa makadirio yake likawa linamfanyia mzaha. Wataalamu wakasema kwamba bado hapana kanuni ya kisayansi ya kuhesabu kesho, basi heri asingeanza. Na wako wenye kumiliki vyombo vya uvuvi waliokasirika kwa sababu nyingine: alama ikitundikwa, mabaharia walikataa kutoka, chombo kikalala bandarini, na faida ya siku ikapotea. Hawakuhesabu wangapi walirudi kwa watoto wao kwa sababu ya siku ile iliyopotea. Asiyekujua hakuthamini.

Mwaka 1863 alitoa kitabu kikubwa cha kuieleza kazi yake kwa watu wa kawaida, na mwaka huo akapandishwa kuwa Makamu Admirali. Lakini heshima ya jina haikumtuliza. Alikuwa amekwisha kumwona afisa aliyekuwa chini yake katika Beagle akipewa cheo cha baharini katika Bodi ya Biashara ambacho yeye alikitaka. Masikio yake yalianza kuwa mazito. Alifanya kazi mchana na usiku, na mali yake yote ilikuwa imekwisha, sehemu kubwa ikienda katika kazi za umma. Huzuni nzito, iliyomwandama tangu ujanani, ikamzidi. Ndugu wa mama yake, Waziri Castlereagh, alikuwa amejitoa uhai mwaka 1822, na FitzRoy alikuwa akiogopa tangu zamani kwamba huenda na yeye ana damu hiyo. Jumapili asubuhi, tarehe 30 Aprili 1865, nyumbani kwake Upper Norwood, kusini mwa London, aliamka kabla ya familia yake, akaingia chumba cha kuvalia, akajiua kwa wembe. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Dini yetu haituruhusu kulipamba tendo hilo, wala hatutalipamba. Lakini haituzuii kuuliza ni wangapi waliomwona akizama na hawakumtupia kamba. Aliyetundika alama za hatari kwa ajili ya kila mtu alikuwa naye na alama zake, na hapana aliyezisoma. Baada ya kifo chake ikafahamika kwamba hakuacha kitu. Rafiki zake wakachanga fedha kwa ajili ya mjane na watoto. Darwin, ambaye walikuwa wamekwisha kuachana kwa fikira na imani, alitoa pauni mia moja.

Mwaka 1866 kamati ya wataalamu ikatoa ripoti ya kuilaumu kazi yake, na mwisho wa mwaka huo alama za dhoruba zikasimamishwa. Hapo ndipo ikajulikana ni nani aliyekuwa na haja nazo. Hazikudaiwa na wakubwa. Zilidaiwa na watu wa bandarini, mabaharia na wavuvi, ambao walikuwa wameuzoea mlingoti ule kama waumini walivyozoea mnara wa msikiti. Walilalamika mpaka mwaka 1867 alama zikarudishwa. Makadirio ya kila siku kwa umma yalingoja zaidi. Yalirudi magazetini mwaka 1879, miaka kumi na minne baada ya mwenyewe kufukiwa.

Leo ofisi ile ya makarani watatu ni idara kubwa ya hali ya hewa ya Uingereza, na kila nchi yenye pwani ina idara kama hiyo. Mwaka 2002 Waingereza walilibadilisha jina la eneo moja la bahari linalotajwa redioni katika habari za mabaharia, wakaliita FitzRoy. Hapa kwetu Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa onyo kusi inapokuwa kali na mawimbi kuwa makubwa, na onyo hilo humfikia mvuvi wa Kiunga na wa Shimoni kabla hajafungua kamba. Wako wanaolibeua kwa kuwa juzi halikutokea. Na wako wenye vyombo wanaowahimiza vijana watoke hivyo hivyo, kwa sababu barafu imekwisha kununuliwa na mnunuzi anangoja. Maneno hayo ni ya zamani. Yalisemwa Uingereza mwaka 1861.

FitzRoy aliokoa watu wangapi alipokuwa juu ya Beagle? Wale wa chombo chake, na wachache zaidi. Alipokuwa juu ya kiti, katika ofisi ya nchi kavu ambayo wenzake waliiona ni kazi ya kumaliza uzee, aliokoa watu ambao hawakumjua na hakuwajua. Basi mzee wa bahari anapokaa barazani akasema kwamba mawingu ya leo hayampendezi, kijana asikimbilie kucheka. Na amwulizaye habari za upepo, amwulize na hali yake.